Birika la Bafuni: Maswali ya Watu wa Lamu

Birika langu la chokaa nilisafishe kila baada ya muda gani?

Kila wiki, siku ile ile. Chagua Alhamisi, Ijumaa ikukute na maji mapya. Kwa joto letu hili, yai la mbu aina ya Aedes huwa mbu anayeruka kwa muda wa siku saba hadi kumi tu.

Mimi humwaga maji yote. Hiyo haitoshi?

Haitoshi. Mbu huyu hubandika mayai ukutani, penye unyevu, juu kidogo ya maji yalipofika. Ni meusi na madogo mno, hata kwa tochi huyaoni vizuri. Hukaa makavu kwa miezi, na siku maji yakiyafikia huanguliwa. Ukimwaga na kujaza bila kusugua, umeyapa maji yaliyokuwa yakiyangoja.

Basi teka maji kwa kata mpaka yaishe, kisha sugua kwa kumbi la nazi au brashi ngumu ya plastiki. Anzia kwenye ule mstari wa utelezi, panda nao, ingia pembeni na chini ya ukingo. Usitumie waya, utachubua chokaa, na kila mchubuko ni maficho mapya. Maji ya kusugulia yamwage mchangani penye jua, si mferejini.

Kwani jambo hili ni kubwa hivyo?

Waulize waliokuwapo mwaka 2004. Ukame ulikuwa umekaza, watu wakiweka maji majumbani bila kuyabadilisha upesi, chikungunya, homa inayoenezwa na mbu huyu, ikaingia. Wachunguzi walipopima damu, walikadiria kwamba watu 13,500, robo tatu ya wakazi, walikuwa wameambukizwa. Kutoka hapa ikafika Mombasa mwaka ule ule, na mwaka uliofuata Komoro. Aedes huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku pekee hakikulindi.

Samaki wa birikani hawatoshi?

Wanasaidia sana, na wazee waliowafuga birikani walijua walichokuwa wakifanya. Viluwiluwi huliwa kabla hawajapata mbawa. Lile bakuli la kaure lililojengewa kwenye sakafu ya birika la kale liliwekwa hivyo ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kuishi. Ila mayai ya ukutani samaki hawayafikii, hivyo kusugua kuko pale pale.

Naweza kutia jiki?

Samaki watoe kwanza, uwaweke kwenye beseni la maji yale yale ya birika. Klorini kidogo tu huwaua. Changanya kikombe kimoja katika ndoo ya lita 10, paka ukutani, acha nusu saa, suuza mara mbili au tatu. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa kali ya choo. Hutoa hewa ya sumu, na bafu zetu ni finyu. Maji ya mfereji yenye klorini yaache yakae siku nzima kabla ya kurudisha samaki.

Birika limepata ufa. Nizibe kwa saruji?

Hapana, ziba kwa chokaa. Saruji ni ngumu kuliko ukuta wa zamani, hubanduka na kuondoka na lipu ya kale.

Na sisi wa Pate na Kizingitini, wenye jabia, tangi la kukingia maji ya mvua?

Jabia halimwagiki kila wiki. Funika mdomo, weka wavu wa matundu madogo maji yanapoingilia, na mvua ya kwanza iache ipite nje, ioshe sakafu ya kukingia.