Tuhesabu Gharama Kabla ya Safari

Somo: Luka 14:28-30, Mithali 22:7



Wengi wetu hapa kambini tunangoja. Jina limeitwa kwa mahojiano, au kesi imepelekwa Kanada, na nyumbani watoto hawazungumzi jambo jingine. Kungoja si kosa. Lakini katika Luka 14 Bwana anatuonyesha mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza anaketi na kuhesabu fedha zake. Asipofanya hivyo, ataishia kwenye msingi na watu watamcheka. Nasi tuketi na jamaa zetu, tuhesabu mambo matatu.

1. Kabla ya safari: tusilipe, tusiuze mapema

Huduma za UNHCR ni bure. Kuandikishwa, fomu, mahojiano na kupelekwa nchi ya tatu havilipiwi. Mtu akituomba fedha ili jina letu lisogee mbele, huyo ni mwizi, hata kama amevaa kitambulisho, hata kama tunasali naye. Tusimpe kitu, na tutoe taarifa.

Tena, tusiuze vitu kwa sababu ya habari njema ya simu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na hata waliokuwa na tarehe ya ndege walifutiwa safari. Mtu aliyekwisha kuuza cherehani na mbuzi hubaki hana safari na hana kazi. Kwa hiyo shamba lilimwe, watoto waende shule, mtaji wa biashara usiguswe. Kitu kinachotulisha kiwe cha mwisho kuuzwa.

2. Nauli ya ndege inaweza kuwa deni

Wengi hudhani tiketi ni zawadi. Kila nchi ina utaratibu wake, lakini katika baadhi ya nchi ni mkopo. Tuchukue mfano wa Kanada. Serikali huwakopesha wakimbizi wengi nauli. Tangu 2018 mkopo huo hauna riba, na malipo huanza mwaka 1 baada ya kufika. Lakini msaada wa serikali wa chakula na nyumba, kwa wale wanaoupata, kwa kawaida nao hauzidi mwaka 1. Maana yake, msaada unakoma na deni linaanza karibu wakati mmoja.

Tuseme familia inadaiwa dola 4,800 na imepangiwa miezi 48. Hiyo ni dola 100 kila mwezi, juu ya kodi ya nyumba, chakula na nauli ya basi. Mithali 22:7 inatuonya kwamba mwenye deni hana uhuru. Basi kabla ya kutia sahihi, baba na mama wamwulize mkalimani: Ni kiasi gani? Tunaanza lini? Kila mwezi ngapi? Mwaka wa kwanza ni wa kujifunza lugha, kutafuta kazi na kuweka akiba kidogo kidogo. Atakayeshindwa kulipa asijifiche. Aeleze mapema, aombe kupunguziwa au kuongezewa muda. Dawa ya deni ni kulipa.

3. Wale wanaobaki

Hili ndilo linalovunja undugu. Anayeondoka huahidi mengi kwa machozi, na anayebaki hungoja simu kila juma. Ni afadhali kusema ukweli mapema: “Mwaka wa kwanza huenda tusitume kitu. Baadaye tutatuma kiasi hiki, kwa ada ya shule ya huyu mtoto.” Nasi tunaobaki tusimlaumu ndugu asiyepokea simu. Huenda yuko kazini usiku, naye anadaiwa. Tumwombee kabla ya kumwomba.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Safari ikifutwa kesho, tutakula nini?
2. Nani katika nyumba yetu anaandika mapato na matumizi?
3. Tumeahidi nini, kwa nani, na je, tunaweza kutimiza?

Tuombe: Bwana, utupe subira ya kungoja na hekima ya kuhesabu. Tukienda au tukibaki, usituache. Amina.