Msondo Ngoma: Mwimbaji Akiondoka, Bendi Inabaki na Nini?

Muhula uliopita kikundi chetu cha muziki hapa chuoni kilimpoteza mwimbaji wake kiongozi. Hakugombana na mtu. Alimaliza mwaka wa tatu, akarudi kwao. Ndani ya wiki mbili mazoezi yakafa. Nyimbo zote zilikuwa kichwani mwake, na wenzangu wakaanza kusema, "Bila dada yule hakuna kundi, bana." Nilibisha. Katika kubisha huko nikaanza kuifuatilia bendi moja iliyoachwa na waimbaji wake wakubwa na bado ikadumu.

Majina manne, bendi moja

Msondo Ngoma ilianzishwa mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA, bendi nayo ikawa JUWATA Jazz. Ilipokuja OTTU mwanzoni mwa miaka ya 90, jina likabadilika tena. Mwishowe ikabaki na jina la mtindo wake tu: Msondo.

Pigo kubwa lilikuja 1978. Mlimani Park Orchestra, iliyokuwa ikianza chini ya kampuni ya usafiri na teksi, iliwachukua waimbaji Muhidin Maalim Gurumo na Hassan Rehani Bitchuka. Yaani sauti mbili za mbele, kwa mpigo! Huko wakaupa umaarufu mtindo wa Sikinde, na Msondo na Sikinde wakawa watani wa jadi mpaka leo.

Mkuki kwa nguruwe! Mwaka 1985 ikawa zamu ya Mlimani kulia: Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, alimvuta Gurumo na wenzake kadhaa, ukazaliwa mtindo wa Ndekule. Hata hivyo Mlimani haikufa, kama JUWATA ilivyokuwa haikufa. JUWATA ilimpata TX Moshi William, na wapo mashabiki ambao kwao Msondo ni Moshi. Baadaye Gurumo mwenyewe alirudi. Moshi alifariki 2006, Gurumo 2014. Bendi ikaendelea kupiga.

Kwa nini haikufa?

Naona sababu tatu. Kwanza, vyombo vilikuwa vya chama, na wanamuziki walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Anayeondoka anaondoka na sauti yake. Magitaa, ngoma na tarumbeta vinabaki.

Pili, ni namna wimbo wenyewe wa dansi ulivyojengwa. Mashairi huanza taratibu, waimbaji kadhaa wakipokezana na kuitikia, halafu linakuja chemko, magitaa na tarumbeta zinatawala. Anayeitikia leo ameshaujua wimbo mzima, kesho anaweza kuuongoza. Sisi tunaosomea ualimu tunalijua hili: mtu hujifunza akiwa bega kwa bega na anayejua.

Tatu, mtindo ulikuwa na jina lake. Shabiki alikuwa anakwenda "kwenye Msondo", hata kama fulani hayupo jukwaani.

Bei yake

Lakini tusidanganyane. Mfumo unaoilinda bendi si lazima umlinde mwimbaji. Wanamuziki wa enzi zile walihama wakifuata maslahi, kama mwalimu anavyohama shule. Gurumo alistaafu 2013 baada ya takriban nusu karne ya kuimba, na habari iliyotikisa mwaka huo ni Diamond Platnumz kumzawadia gari. Watu walishangilia, na ni haki yao. Mimi nilijiuliza: kwa nini baada ya kazi yote ile gari liwe zawadi?

Kwa hiyo kubisha kwangu kulikuwa nusu sahihi. Kundi linalokufa mtu mmoja akiondoka halikujengwa vizuri. Ila kundi linalosema "nenda tu, tutapata mwingine" nalo limekosea, kwa sababu linakula jasho la mtu na kumsahau.

Nilimpigia simu yule dada. Alicheka, kisha akaturekodia nyimbo zote kwa simu, moja baada ya nyingine. Sasa kila wimbo una watu wawili wanaoujua mwanzo hadi mwisho, na kwenye daftari letu, juu ya kila wimbo aliotunga, tumeandika jina lake.

Maswali ya kujadili

1. Katika kikundi chako, ni kazi gani inajulikana na mtu mmoja tu? Nani anajifunza kwake sasa hivi?
2. Vifaa, akaunti na kumbukumbu za kikundi ni mali ya nani?
3. Aliyewajengea jina akiondoka, mnamdai nini, na yeye anawadai nini?