Kifafa cha Mimba Si Kifafa

Jina hili linadanganya. Ukisikia "kifafa cha mimba", akili inakimbilia kwenye kifafa tunachokijua, na kwa wengine moja kwa moja kwenye mapepo. Kumbe shida inaonekana kwanza kwenye presha. Baada ya wiki ya 20 presha ya mama inafika 140/90 au zaidi, na mara nyingi mkojo unakuwa na protini. Mpaka hapo anaweza asihisi chochote. Degedege linakuja baadaye, na si kwa kila mmoja.

Hata madaktari walikuwa na ubishi wao. Kwa miaka mingi, sehemu nyingi, mama mwenye degedege alipewa dawa za wagonjwa wa kifafa: diazepamu au fenitoini. Wengine walishikilia magnesiamu salfeti, ambayo ni chumvi tu, tena ya bei nafuu. Mwaka 1995 ukatoka utafiti wa akina mama 1,687: waliopewa magnesiamu walirudiwa na degedege chini ya nusu ukilinganisha na wa diazepamu. Mwaka 2002 utafiti wa Magpie ukafuatilia akina mama zaidi ya 10,000 katika nchi 33, wenye presha ila bado hawajapata degedege. Chumvi ileile ikapunguza hatari kwa zaidi ya nusu.

Inatolewa kwa sindano, na haichezewi. Ikizidi mwilini inaweza kusimamisha pumzi. Ndiyo maana nesi anamgonga mgonjwa gotini kuona kama mguu unaruka, anahesabu pumzi, anapima mkojo, na kalsiamu glukoneti inakaa karibu kama dawa ya kuizima. (Mimi nilidhani kugonga goti ni mambo ya sinema.) Presha yenyewe inashushwa na dawa nyingine, kama hidralazini au nifedipini. Tiba kamili ni mtoto na kondo la nyuma kutoka, ingawa degedege linaweza kumkuta mama hata siku chache baada ya kujifungua.

Sasa tuje hosteli. Mimba ya kwanza ina hatari zaidi, na mimba nyingi za hapa chuoni ni za kwanza, zinafichwa chini ya sweta hadi mwezi wa saba. Anayekwepa kliniki anakwepa kipimo cha presha. Akisema kichwa kinamuuma sana, macho yanaona ukungu, au maumivu yako chini ya mbavu upande wa kulia, msimpe panadoli mkasema ni presha ya mitihani.

Akianza degedege, mlazeni kwa ubavu wa kushoto. Hakuna kijiko mdomoni, hakuna kumwagiwa maji. Tafuteni gari. Na mkifika mapokezi, hata kama mliapa kumtunzia siri, neno la kwanza kwa nesi liwe kwamba ana mimba. Bila hilo anaweza kutibiwa kama mgonjwa wa kifafa.