Bangili Ivue, na Ulichoandika Ufute

Mdogo wangu wa Atlanta, ujumbe wako umenikuta napepeta mchele, nikauacha mchele. Umeambiwa uvue kazini ile bangili ya shanga ya rangi za Kenya, aliyokufunga mama siku ya safari. Ukaivua, ukaingia chooni, ukalia. Jioni ukashika simu, ukamwaga yote mtandaoni. Kwenye hiyo simu tutagombana, lakini kwanza njoo nikufute machozi.

Kulia kwako nakuelewa. Mtu akiwa kwao, bendera ni kitambaa cha shuleni tu, kinapandishwa asubuhi huku tunasukumana mstarini. Ukivuka bahari ndipo inageuka kuwa mama, na ugali, na sauti za nyumbani. Mimi nilipokuwa huko nikifanya kazi jikoni kwenye hoteli, nilivaa kibeji cha Tanzania, kidogo kama kifungo cha shati. Msimamizi akaniambia nikitoe. Nilinuna wiki nzima, mpaka supu ikaniungulia, na aliyekatwa mshahara ni mimi.

Sasa sikiliza, mwaya. Ukishavaa sare, kifua na mikono si vyako peke yako. Wengi wenu mnafika Marekani mkijua ni nchi ya uhuru wa kusema, basi mnadhani bosi hana la kuwafanya. Ile haki ya kwenye katiba inaifunga serikali. Mwenye hoteli au mwenye duka haimfungi. Wala usidhani ni ukorofi wa huko tu. Hata Kenya sheria inataja nani apeperushe bendera kwenye gari, na wewe na mimi hatumo.

Hapo hapo mjini kwenu ndipo yalipo makao makuu ya shirika la ndege la Delta. Julai 2024 zilisambaa picha za wahudumu wake wawili wenye beji za bendera ya Palestina. Mtu mtandaoni akaziita beji za Hamas, na anayejibu wateja kwa jina la shirika akamuunga mkono, kwamba hata yeye angeogopa. Zogo likazuka. Shirika likaomba radhi na kumtoa mjibuji yule kwenye kazi hiyo. Wahudumu nao wakapoteza: kabla ya hapo beji za nchi nyingine ziliruhusiwa, lakini kuanzia Julai 15 ikabaki ya Marekani peke yake. Ukiniuliza mimi, ni kama mama ambaye mgeni kalalamikia mdoli wa mtoto mmoja, naye akakusanya midoli ya watoto wote akabakisha wa kifungua mimba wake. Imeniuma. Lakini sare ni yao.

Kwa hiyo usiende kwa bosi ukamuuliza kwa nini anaichukia nchi yako. Pengine hata haijui iko wapi. Tazama wenzako. Kama kila mtu amevua cha kwao, vua na wewe, yaishe. Lakini kama yule wa Mexico bado ana mkanda wa shingoni wenye rangi za kwao na hakuna anayemgusa, ila wewe tu, hapo pana neno. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inamkataza mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi kumbagua mtu kwa sababu ya taifa alikotoka. Andika pembeni tarehe, nani alisema nini, na nani alisikia. Omba kijitabu cha kanuni za kazi, usome ukurasa wa mavazi, halafu nenda kwa watu wa HR na sauti yako ya chini ile unayomuombea nayo baba hela. Wasipokusikia, kuna tume ya serikali, EEOC. Kwenu Georgia una siku 180 tangu jambo lilipotokea, kwa hiyo kinyongo usikilaze miezi sita.

Turudi kwenye simu. Umetaja kampuni, umemwita msimamizi mbaguzi, ukaweka na picha yake ana kitambulisho cha kazi kifuani! Jamani, mdogo wangu. Hasira hasara, tumeimbiwa tangu tunanyonya. Georgia mwajiri anaweza kukuachisha bila hata kutaja sababu, na nauli uliyokopa hujamaliza kuilipa. Na bado hujajua kama wenzako nao walivuliwa! Futa usiku huu. Usiniambie watu wachache tu ndio wameona. Wahudumu wale wawili nao hawakupiga picha ili dunia iwaone.

Umeshafuta? Nasubiri hapa hapa, mchele wangu haujapepetwa.

Bangili iweke kwenye mfuko wa ndani wa pochi, usiitupe kwenye droo la jikoni ukaikuta imekatika. Ukitoka zamu ifunge ukiwa kwenye basi. Na mama akipiga simu ya video, mpungie kwa mkono huo.