Mnyororo Mpya wa Pawasoo: Tarakimu Tatu za Kwenda Nazo Dukani

Somo langu la mwaka huu halihusu ngeli wala tamathali za usemi. Kwetu Elburgon mti wa shambani ukiangushwa hupasuliwa mbao papo hapo, kwa ule msumeno wa mnyororo ambao kila mtu, mkubwa kwa mdogo, huuita pawasoo. Injini ya mashine hiyo ikitunzwa hudumu miaka mingi. Kinachokwisha mapema ni mnyororo, na baadaye ubapa, yaani kile chuma kirefu kilicho bapa kama rula ambacho mnyororo hukizunguka. Mafundi hukiita baa. Mimi nitasema ubapa, mwalimu mlezi wetu asije akadhani nawapeleka wenzangu mahali pengine.

Sasa, mtu akienda duka la spea husema, "Nipe cheni ya inchi kumi na nane." Basi. Hilo ndilo kosa la wengi. Inchi hizo ni urefu wa ubapa kutoka mwili wa mashine hadi ncha, na hazikuambii mnyororo gani utaingia. Unahitaji tarakimu tatu.

Ya kwanza ni pichi, yaani nafasi kati ya ribiti na ribiti. Ribiti zenyewe hazikukaa kwa nafasi sawa, kwa hiyo hupimi mbili. Unapima kutoka katikati ya ribiti ya kwanza hadi katikati ya ile ya tatu, halafu unagawanya kwa mbili. Ukipata milimita 19.05, nusu yake ni 9.53, na hiyo ndiyo pichi ya inchi 3/8. Ukipata 16.5, nusu yake ni 8.25, yaani inchi 0.325. Tahadhari: kuna 3/8 kubwa na 3/8 ndogo ya mashine nyepesi, na hazibadilishani hata kidogo. Pichi lazima ilingane na sproketi, lile gurudumu la meno lililo karibu na klachi, na pia na kigurudumu kidogo kilicho kwenye ncha ya ubapa, kama kipo. Isipolingana, mnyororo hupanda juu ya meno badala ya kukaa katikati yake, kama cheni ya baiskeli iliyokwisha.

Ya pili ni geji. Chini ya mnyororo kuna meno yasiyokata chochote. Kazi yake ni kuingia katika mfereji wa ubapa na kuuvuta mnyororo. Tuyaite meno ya kuvuta. Geji ni unene wa jino hilo, nayo ni lazima ilingane na upana wa mfereji. Zinazoonekana sana ni milimita 1.3, 1.5 na 1.6. Utasema, ah, 1.5 na 1.6 si kitu kimoja tu? Si kitu kimoja! Jino la 1.6 halitaingia katika mfereji wa 1.5, na hapo una bahati, maana utarudi dukani siku hiyo hiyo. Hatari ni kinyume chake. La 1.5 litaingia vizuri katika mfereji wa 1.6, utafunga, utawasha, na litakata huku likiyumba.

Ndivyo ilivyomkuta mjomba wangu. Muuzaji aliutundika mnyororo wa zamani na mpya kwenye msumari mmoja, akaona urefu ni sawa, akapokea pesa. Mjomba akapasua gogo la saiprasi kutwa nzima. Jioni zile mbao zikawa nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Mnunuzi alizitazama akaenda zake. Gogo likawa kuni, na gogo lenyewe lilikuwa la kununua. Sehemu moja ya kumi ya milimita jamani! Ile kalipa ya venia ya somo la Fizikia, ambayo wengine wetu huiona ni adhabu, ingeliokoa gogo zima.

Ya tatu ni idadi ya meno ya kuvuta. Hiyo ni kuhesabu tu, tena pole pole, ukitia alama ya chaki unapoanzia. Ubapa wa inchi 18 wenye pichi ya 0.325 waweza kuchukua meno 72 kwenye mashine moja na 74 kwenye nyingine.

Mara nyingi tarakimu hizi zimepigwa chapa karibu na mkia wa ubapa. Zikiwa zimefutika, ndipo upime.

Kabla ya kununua mnyororo, ukague ubapa, manake mnyororo mpya juu ya ubapa uliokwisha ni pesa za kutupa. Egemeza rula ubavuni mwa ubapa na jino la kukata. Ikibaki nafasi kati ya rula na ubapa, mfereji bado mzima. Mnyororo ukilala upande hadi rula ikaugusa ubapa, mfereji umepanuka. Ukinunua ubapa mwingine, nenda na ule wa zamani uulinganishe mkiani: uwazi wa kufungia na tundu la mafuta. Tundu lisipokutana na la mashine, mnyororo utakauka na kuungua. Sproketi nayo ikiwa imechimbika kupita nusu milimita, ibadilishwe.

Kuhusu aina ya meno, yapo ya pembe kali na ya pembe ya mviringo. Ya pembe kali hukata upesi katika mti safi, lakini gogo lililoburutwa kwenye udongo huyafanya butu mara moja. Kwa miti yetu ya mashambani, mimi ningechukua ya mviringo. Kwa kupasua mbao, kufuata urefu wa gogo, meno hunolewa kwa nyuzi 10 hivi badala ya 30 za kukata mkato. (Umbo la meno haya lilitoka kwa mdudu! Mwaka 1946 mkata miti wa Marekani, Joseph Cox, alimwona buu wa mbawakawa akitafuna gogo kwa taya zake kushoto na kulia. Mwaka 1947 akaanza kuuza mnyororo wa kuiga taya hizo.)

Ukishalipa, usiondoke bila tupa ya duara inayofaa: milimita 4.0 kwa 3/8 ndogo, 4.8 kwa 0.325, na kwa 3/8 kubwa 5.2 au 5.5 kulingana na mtengenezaji.