Saratani ya Kibofu cha Mkojo: Daraja la Uvimbe na Alama za Protini

Damu kwenye mkojo, hata ikitoka mara moja tu bila maumivu, inahitaji maelezo. Wengi wanaopatwa nayo huuliza kama kipo kipimo cha haraka cha protini kitakachomaliza shaka. Vipimo hivyo vipo, vya mkojo na vya kinyama kilichotolewa kibofuni. Kijitabu hiki kinashikilia kwamba protini humsaidia daktari aliyekwisha kutazama kinyama. Zenyewe peke yake hazitoshi kumpa mgonjwa daraja la saratani, wala kumwondolea haja ya kuchunguzwa.

Daraja ni nini?

Maneno mawili huchanganywa mara nyingi. Hatua hueleza uvimbe umefika wapi: umebaki kwenye utando wa ndani wa kibofu, au umezama hadi kwenye msuli. Daraja hueleza tabia ya seli zenyewe. Mwaka 1973 Shirika la Afya Duniani liliweka madaraja matatu. Mwongozo wa 2004 uliyapanga upya, na leo saratani inayoota kwenye utando huitwa ya daraja la chini au la juu. Ya daraja la chini hurudi mara kwa mara hata baada ya kukwanguliwa, lakini ni nadra kuzama. Ya daraja la juu huweza kuzama msulini na kusambaa, kwa hiyo tiba yake ni kali zaidi na ufuatiliaji wake ni wa karibu.

Kinyama hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, hupakwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Viini vya seli huonekana vya zambarau, sehemu iliyobaki ya waridi. Katika daraja la chini viini hufanana na hujipanga kwa utaratibu. Katika daraja la juu hupishana kwa ukubwa, hukolea rangi na mpangilio huvurugika. Daktari akisita, ndipo protini huitwa. Ki-67 hupatikana kwenye seli zinazojiandaa kugawanyika au zinazogawanyika, na kwa rangi maalumu viini vyake huwa vya kahawia. Saitokeratini 20 kwa kawaida hukaa kwenye seli za juu kabisa za utando. Ikienea unene wote, huongeza shaka ya saratani iliyolala kwenye utando bila kuota, ambayo daima ni ya daraja la juu.

Je, protini si za uhakika kuliko jicho?

Ni kweli kwamba wataalamu wawili wanaweza kutofautiana juu ya kipande kimoja. Lakini hata madoa ya kahawia yanasomwa na binadamu, na maabara hazitumii kiwango kimoja cha kusema "mengi". Tazama p53: jeni yake ikiharibika, protini huweza kujaa kwenye karibu viini vyote, au ikatoweka kabisa. Asiyejua hilo atadhani kutoonekana kwake ni usalama.

Wengine husema kuingiziwa kamera kibofuni kunaumiza na ni gharama, na mkojo ungetosha. Kipimo cha NMP22 hutafuta mkojoni protini inayotoka kwenye viini vya seli. Tatizo ni kwamba maambukizi na mawe pia huipandisha, huku uvimbe mdogo wa daraja la chini ukiweza kupita bila kuonekana. Pemba na kwingineko penye kichocho cha mkojo, kibofu huvimba na kutoa damu bila saratani yoyote. Na bado kichocho hicho, kilichotambuliwa rasmi mwaka 1994 kuwa kisababishi cha saratani, huleta hasa saratani ya seli za skwamasi. Kwa hiyo mwenye kichocho atibiwe kwa prazikwanteli, na damu ikiendelea baada ya dawa, kibofu kitazamwe kwa kamera.

Ukipewa majibu

Uliza daraja, uliza hatua, kisha uliza kama kinyama kilichochukuliwa kilikuwa na msuli ndani yake. Pasipo msuli, hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kwamba saratani haijazama humo, na hakuna protini inayoziba pengo hilo. Huenda ukahitaji kukwanguliwa tena. Afadhali usumbufu huo kuliko tiba iliyojengwa juu ya kubahatisha.