Mahindi na Mbaazi: Ndoa ya Shambani na ya Chunguni

Katika mashamba ya Babati mahindi na mbaazi hupandwa pamoja. Mahindi huvunwa kwanza, nazo mbaazi husimama hata ziive baadaye. Ndoa hii ya shambani yafaa iendelee chunguni, na leo twaeleza sababu yake.

Mwili hujengwa kwa protini. Protini ni mfano wa ukuta, na matofali yake huitwa asidi amino. Aina za matofali hayo ni 20, na katika hizo aina 9 mwili hauwezi kujitengenezea. Sharti zitoke katika chakula. Mojawapo ni methionini, aliyoigundua John Howard Mueller huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Methionini ina kiberiti ndani yake. Si kile cha kuwashia moto, bali madini ya manjano yaitwayo pia salfa. Kazi zake ni hizi:

1. Ndiyo tofali la kwanza mwili uanzapo kujenga protini yoyote.

2. Hutoa kiberiti chake ili ifanyike sisteini, ndugu yake, ambayo hukaza nywele na kucha.

3. Kwa sisteini hiyo ini hutengeneza glutathioni, ambayo husaidia kuondoa sumu mwilini.

Mtu mzima ahitaji kwa siku miligramu 15 za ndugu hawa wawili kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60, basi, ahitaji miligramu 900, wala haifiki gramu moja. Ni kidogo, lakini fundi akiishiwa aina moja ya tofali, kazi husimama ijapokuwa aina nyingine zimejaa uani.

Sasa tazameni hekima ya wazee. Mbaazi zina protini nyingi, lakini methionini yake ni haba. Mahindi yana methionini ya kuzisaidia, bali yana upungufu wa lisini, tofali jingine, ambalo mbaazi zinalo tele. Mmoja humpa mwenzake akikosacho. Kwa hiyo kande, au ugali kwa mboga ya mbaazi, hushinda kila kimoja peke yake.

Mbaazi ni zao la biashara pia. Mwaka 2017 India ilipowekea mpaka mbaazi zitokazo nje, bei ilianguka sana nchini Tanzania, na wakulima waliumia. Bei ikiwa nzuri, hatari ni nyingine: kuuza hata debe la mwisho, na mtoto aliyeachishwa ziwa akabaki na uji mtupu. Shibe ya tumbo si ujenzi wa mwili.

Basi twawashauri wenye nyumba watenge mbaazi za chakula kabla mnunuzi hajafika. Vikombe viwili vya mahindi kwa kimoja cha mbaazi ni kipimo chema. Yai, samaki, maziwa au ufuta huongeza methionini. Walimu na walifundishe somo hili, na viongozi wa vijiji walikumbushe barazani wakati wa mavuno.